Lenzi ya zamani kwenye kamera ya dijitali: AF-D, AI-S, Helios, Takumar, FD, au ununue tu mpya?

Mdogo wangu alinipigia simu siku moja kafurahi hatari, kapata bodi ya Nikon D3200 ya mtumba, na aliyemuuzia kamwekea juu yake lenzi ya 50mm f/1.8D, bei poa, haina hata mkwaruzo, na Jumamosi ana send-off ya kupiga. Jumamosi hiyohiyo saa mbili usiku simu tena, safari hii sauti imebadilika, kaka hii lenzi mbovu, haifokasi kabisa, nabonyeza weee hamna kitu na bibi harusi ndo anaingia ukumbini. Lenzi haikuwa mbovu. Ile lenzi haijawahi kuwa na mota ndani tangu itoke kiwandani, inategemea kamera iizungushe, na D3200 haina kitu cha kuizungusha. Nikamwambia zungusha kwa mkono, chungulia kwenye kitundu angalia pale chini, kidoti cha kijani kikitulia bila kuchezacheza ujue fokasi imeshika, piga. Akatoka na picha kama 30 za maana kati ya 300 na kitu, na hizo 30 nyingi ni za watu waliokaa mezani wanakula, maana hao hawasogei.

Tangu hapo mtu akiniuliza lenzi gani ya zamani ni nzuri simjibu, namuuliza kwanza una bodi gani mkononi. Lenzi nzuri za zamani zipo nyingi tu na zote zinasifiwa, shida ni kwamba lenzi ileile kwenye bodi hii ni mali na kwenye bodi ile ni uzito wa kushikilia karatasi mezani. Kwa hiyo ulinganisho wangu naufanya kwa kufuata bodi.

Kabla ya yote, habari ya milimita

Lenzi yoyote imepangwa idondoshe picha umbali fulani nyuma ya mdomo wake, yaani pale inapofungwa kwenye kamera, na umbali huo kila kampuni ilijichagulia wake. Nikon F, mdomo wa tangu 1959, ni milimita 46.5. M42, yaani zile lenzi za kufunga kwa kuzungusha, ni 45.46. Canon EF iliyokuja 1987 ni 44 na ile Canon FD ya kabla yake ni 42. Afu njoo kwenye miralesi, hizi kamera zisizo na kioo ndani, sensa yake (kile kipande kinachonasa picha) imesogea karibu kabisa na mdomo: Canon RF ni 20, Sony E 18, Fuji X 17.7, Nikon Z 16.

Sasa lenzi yenye umbali mrefu inaweza kuvaa kamera yenye umbali mfupi, adapta inajaza lile pengo, na adapta yenyewe ni pete tupu ya chuma haina kioo wala waya. Kinyume chake hakuna, kwa sababu hakuna fundi wa kukuchongea pete yenye unene wa chini ya sifuri. Ukilazimisha, lenzi inakaa mbali na sensa kuliko ilivyotakiwa na fokasi yake inaishia karibukaribu tu, utapiga ua na mdudu vizuri sana lakini mtu akisimama ng'ambo ya barabara keshakuwa moshi.

Ndo unapata vituko. DSLR ya Canon (DSLR ni kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani) inakubali lenzi za Nikon bila tatizo, 46.5 toa 44 unabaki na milimita 2.5 za adapta, lakini inakataa FD, lenzi za Canon wenyewe, maana 42 ni pungufu ya 44. DSLR ya Nikon ndo kabisa, umbali wake ni mrefu hadi inakataa karibu kila kitu kisicho Nikon, hata M42 inakwama kwa milimita moja na kidogo. Kuna adapta zenye kioo katikati za kurekebisha hilo, nimejaribu moja, picha ikawa kama imepigwa kupitia chandarua, sina hamu nazo.

Miralesi zenyewe zinakubali lenzi zote za kamera za filamu nilizotaja hapa. Kwa hiyo kama una Sony A6000 au A7 au Fuji yoyote, wewe huna shida ya kuvaa, una shida ya kuchagua tu.

Una DSLR ya Nikon: AF-D au AI-S?

Hapa ndo mdogo wangu alipoangukia. Nikon walishikilia mdomo uleule tangu 1959, watu wanasikia hivyo wanadhani kila lenzi ya Nikon inafanya kila kitu kwenye kila bodi ya Nikon. Inaingia ndio. Kufanya kazi ni habari nyingine.

AF-D ni lenzi za miaka ya 90 kuendelea, zina otofokasi lakini ya bisibisi, yaani kwenye mdomo wa kamera kuna kichwa kidogo kama cha bisibisi kinachochomoza kikaingia kwenye mtaro nyuma ya lenzi, mota ipo kwenye bodi. Ukitaka kujua kama bodi yako ni yenyewe toa lenzi uangalie pembeni ya mdomo, ukikiona hicho kibisibisi uko salama. Familia ya D3000 (D3100, D3200, D3300 na wenzake) na familia ya D5000 (D5100, D5300...) hawana. D90, D7000, D7100, D7200, D7500, D610, D750, D810, hao wote wanacho. Na kwa wanaofikiria kuhamia Nikon Z, zile adapta za FTZ nazo hazina hiyo bisibisi, AF-D yako itakuwa ya kuzungusha kwa mkono.

AI-S ni za nyuma zaidi, AI zilianza 1977 na AI-S zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 80, chuma tupu, otofokasi hamna kabisa kwa hiyo hakuna cha bisibisi. Ila kuna kingine, kamera inatakiwa ijue umeweka apacha gani (upana wa tundu la mwanga, zile namba za f/, namba ndogo tundu kubwa), na hiyo inajulikana kwa kijino kidogo kwenye pete ya mdomo wa bodi kinachosukumwa na pete ya lenzi. D7000, D7100, D7200, D610, D750, D810 zinacho, unaingia kwenye menyu unaiambia hii ni 105mm f/2.5, basi inapima mwanga yenyewe, unapiga kwa A (apacha unachagua wewe, kasi inachagua kamera) au M (vyote unachagua wewe) raha mustarehe. D90 hana, na D7500 nayo, pamoja na kuja baada ya D7200, hicho kijino walikitoa, inauma. Kwenye D3200 AI-S itavaa, lakini kamera inakaa kipofu, haipimi mwanga hata kidogo, unabaki kwenye M, unapiga, unaangalia skrini, unarekebisha, unapiga tena. Mchana wa jua la kueleweka hii sio shida kama watu wanavyoitangaza, mwanga hauruki kila sekunde, ukishaupata unakaa nao nusu saa nzima. Ukumbini kwenye taa za disko zinazobadilika rangi, utalia.

Kituko kingine: zile za kabla ya AI, za 1959 mpaka 1977, unaweza kuzivalisha D3200 kwa usalama lakini kwenye D7000 zinaweza kuvunja kile kijino. Utazijua kwa yale masikio mawili ya chuma juu ya pete ya apacha: yakiwa na vitundu ni AI au AI-S, yakiwa mazima bila vitundu usilazimishe, uliza kwanza, maana zipo zilizochongwa baadaye zikawa salama.

Ubora? 50mm f/1.8D ni kali ukiifunga hadi f/4, ikiwa wazi f/1.8 ni laini kidogo, na ule ukungu wa nyuma (vile vitu vya nyuma ya mtu vinavyofifia) unakuwa na fujo fulani, taa za nyuma zinatoka na kingo. 105mm f/2.5 sitaki hata kuilinganisha na mtu, ile picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani aliyopiga Steve McCurry 1984, iliyotoka kwenye jalada la National Geographic Juni 1985, ilipigwa kwa Nikkor 105mm f/2.5 hiyohiyo. Kwenye kamera ya kropu ya Nikon, yaani yenye sensa ndogo inayokata pembeni za picha, inakuwa kama 157mm hivi, kwa hiyo unahitaji nafasi, sebuleni kwetu uswahilini utagonga mgongo ukutani kabla mtu hajaenea.

Kwa hiyo kama Nikon yako ina bisibisi na unapiga kazi za watu, AF-D bila kuwaza. Ukisahau kuifunga pete ya apacha kwenye namba ya mwisho ile ya rangi ya chungwa, f/22, kamera itakuandikia FEE na kugoma kupiga, usipeleke kwa fundi, zungusha pete irudi pale. Kama ni D3200 na wenzake, tafuta AF-S 50mm f/1.8G ya 2011, hiyo mota iko ndani yake, achana na D hata kama ni ya bure. Sawa, ya bure chukua.

Una DSLR ya Canon: Helios au EF 50mm?

Wenye 600D, 700D, 60D wako pazuri kuliko wanavyojua, hasa kwa M42. Hizi ndo zile za kuzungusha, kama mtu ulishazoea balbu ya skrubu na balbu ya pini basi ni jambo lilelile, lenzi za kisasa ni balbu ya pini, M42 ni balbu ya skrubu, uzi wa milimita 42 kwa kipenyo. Kwa kuwa haukuwa mdomo wa kampuni moja, zilitengenezwa Ujerumani Mashariki, Japani, Usovieti, kila mahali, ndo maana ziko nyingi na adapta yake ni ya hela ndogo.

Helios 44-2 yangu nilirithi. Mjomba alisoma Usovieti akarudi na Zenit yake, kamera imekufa zamani sana, kioo kimekwama juu, ila lenzi iko fiti. Ni 58mm f/2, Warusi waliitengeneza kwa kufuata Biotar ya Carl Zeiss wa Jena, na kitu kinachoipa jina mjini ni ule ukungu wa nyuma kuzunguka kama maji ya kwenye sinki yanavyoenda shimoni. Ila hapa watu wanadanganyana. Ule mzunguko unauona vizuri pembeni za picha, na Canon ya kropu inakata pembeni zote kwa sababu sensa ni ndogo, inabakiza katikati. Kwenye 600D mzunguko upo kwa mbali, inabidi mtu asimame karibu yako kama mita moja na nyuma yake kuwe na majani ya mti yanayopitisha jua, mwembe unafaa sana. Ukitaka ule wa kwenye picha za kusifiwa unahitaji ful-fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa kama filamu. Hili lingewekwa wazi watu wangepunguza kulalamika kwamba wameuziwa feki.

EF 50mm f/1.8 STM ya 2015 kwa upande wake ni plastiki, gramu 160, inafokasi yenyewe, kamera inaijua, inapima mwanga yenyewe, na ikiwa wazi ni kali kuliko Helios, hasa kuelekea pembeni za picha. Nimeziweka zote mbili kwenye 600D, zote f/2, mtu mmoja chini ya mti mmoja. STM ilinipa kope moja moja. Helios ilinipa kope katikati na pembeni laini, rangi imepungua kidogo, jua lilivyochungulia nyuma ya kichwa picha nzima ikapata weupe kama vumbi la asubuhi. Mteja nilimwonyesha zote bila kumwambia, akachagua ya Helios aiweke kwenye profaili na ya STM akasema hiyo nichapie ya ukutani kwa mama.

Kwenye Helios 44-2 kuna pete mbili za apacha, ya kwanza unachagua namba, ya pili unafunga na kufungua kwa ulaini bila kukata. Mwanzoni inachanganya. Unafokasi ikiwa wazi kabisa uone vizuri, afu unaifunga hadi pale ulipochagua bila kutoa jicho, unapiga. Ukiifunga, kitundu cha kuchungulia kinakuwa giza, na Canon inapima mwanga kupitia hilo giza, kwenye Av (ile A kwa jina la Canon) inafanya kazi ila sa ingine inazidisha au kupunguza kidogo, zoea kurekebisha. Kwa video hiyo pete isiyo na mikato ni tamu, unaweza kufunga mwanga taratibu wakati unarekodi bila ule mlio wa tik tik.

Jambo la kuangalia kwenye Canon: wenye ful-fremu kama 5D, zipo M42 ambazo makalio yake yanachomoza ndani, ukifokasi mbali kioo kinagonga lenzi. Kropu kioo chake ni kidogo, hatari inapungua sana.

Helios au Takumar, hii ndo vita ya wenyewe

Takumar ni Asahi wa Pentax, Japani, nazo ni M42. Ukiishika ukatoka kushika Helios unajua hapohapo nani alilala na nani alikesha, pete ya fokasi ya Takumar inateleza kama mafuta ya nazi, Helios nyingi grisi imekauka inazunguka kama mlango wa geti la shule. Super Takumar 55mm f/1.8 ni kali, rangi yake ya joto, ukungu wa nyuma umetulia hauna mbwembwe. Kama unataka picha ya mtu iwe picha ya mtu, Takumar. Kama unataka watu waulize umetumia filta gani, Helios.

Ila 50mm f/1.4 ya Takumar, ile ya vioo 7 ndani, ina historia: kioo kimojawapo kimechanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi kidogo, na kadiri miaka inavyoenda kinageuka njano kama chai ya rangi. Kwenye dijitali hilo njano kamera inalirekebisha yenyewe kwenye rangi, lakini inakula mwanga, hiyo f/1.4 yako haiwi f/1.4 tena. Dawa yake ni mwanga wa jua, unaiacha dirishani wiki kadhaa njano inapungua. Sasa na jua letu hili, tafadhali, funga foili upande wa nyuma na usiiache imelitazama pazia, lenzi ni kioo cha kuchomea karatasi kilichokamilika, nyumba itaungua kwa ajili ya f/1.4. Mionzi yenyewe kwa mtu anayepiga picha tu haitishi, lakini usiifungue ukaanza kusugua vioo vyake, na usilale nayo.

Una miralesi: FD, au ulete hizohizo?

Canon FD zilikaa miaka mingi bila kwa kwenda. Canon walipohamia EF mwaka 1987 waliwaacha solemba wenye FD, DSLR zikaja nazo zikazikataa, zikawa za kuuzwa kwa bei ya kutupa. Miralesi ndo zilizozifufua. Kwenye Sony ya ful-fremu, A7 ya kwanza ilitoka 2013, FD 50mm f/1.4 inakaa kama nyumbani kwake, 50 ni 50, hakuna kropu.

Ukilinganisha na AI-S kwenye Sony hiyohiyo, kwangu mimi FD ni tamu zaidi kwa rangi, AI-S ni ngumu zaidi kwa mwili, na tofauti ya ukali ni ya kubishania kijiweni tu. Kinachotenganisha ni upande wa pili: AI-S siku ukirudi kwenye DSLR ya Nikon inarudi na wewe, ukinunua Canon inakwenda na wewe. FD ikishaingia miralesi imebaki hapo. Ndo maana mtu mwenye bodi mbili za aina mbili namwambia AI-S, mwenye Sony tu namwambia FD. Adapta ya FD ina pete yake ya kufunga na kufungua, ukiisahau kwenye upande usio wake apacha haisogei hata uizungushe mpaka kesho, mimi nilishapiga harusi ya mchana nzima f/1.4 bila kujua nikidhani kamera imeharibika shata.

Faida kubwa ya miralesi ni kufokasi. DSLR za siku hizi kile kioo unachokitazama ukichungulia kwenye kitundu kimetengenezwa king'ae, hakikutengenezwa kwa ajili ya jicho kufokasi, kamera za filamu zilikuwa na lile duara la katikati linalokata picha vipande viwili mpaka ufokasi ndo viungane, hizi hazina. Kwa hiyo f/1.4 kwa DSLR unaotea na kuomba. Miralesi unakuza picha ndani ya kitundu mara kadhaa unaona kope, au unawasha zile rangi nyekundu zinazowaka kwenye kingo za kitu kilichoshika fokasi. Kwa mwenye DSLR dawa ni kutumia skrini ya nyuma ukaikuza, polepole lakini uhakika. Na bodi zenye kutuliza mtikisiko wa mkono ndani, kama A7 II ya 2014, ingia kwenye menyu uandike milimita za lenzi, kamera haijui kama umeweka 50 au 135, ukiiacha na namba ya lenzi ya jana inatuliza vibaya.

Kuna na wale wa lenzi za M39 kama Jupiter-8, ndogo, nzuri, zilitoka kwenye kamera za Kirusi za FED na Zorki zilizofuata Leica, umbali wake ni 28.8 tu kwa hiyo DSLR sahau, ni miralesi pekee. Mtego: Zenit za mwanzo kabisa nazo zilikuwa na uzi wa M39 lakini umbali wake ni kama wa DSLR, zinafanana uzi hazifanani kazi, ukinunua adapta ya hii ukavalisha ile hupati kitu. Lenzi za kamera za ulinzi, CCTV, nazo watu wanavalisha, ila zinatoa duara dogo la picha katikati na giza pembeni, ni za kuchezea.

Zumu na zile pana

Nisikuzungushe. Zumu za zamani nyingi zinashindwa na 18-55 uliyopewa na kamera. Na lenzi pana za zamani kwenye kropu hazina maana, 28mm inakuwa 42 kwa Nikon, karibu 45 kwa Canon, hiyo sio pana tena, familia nzima haitaenea. Zamani nunua 50, 85, 105, 135. Upana nunua wa kisasa.

Fangasi, huyu ndo adui wetu hasa

Anayekaa Arusha au Iringa anaweza kuruka hapa ila wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja msome mara mbili. Unyevu wa pwani unalea fangasi ndani ya lenzi, na lenzi iliyokaa kabatini miaka 30 kwenye mfuko wake wa ngozi, ule mfuko ndo nyumba ya fangasi. Ukienda kununua nenda na tochi, ya simu inatosha. Fungua apacha yote, mulika kutoka nyuma, chungulia kwa mbele ukiinamisha inamisha. Vumbi vidoti vichache usijali kabisa, kila lenzi ya zamani inavyo na kwenye picha havionekani. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele nao unavumilika. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi ya mchicha, rudisha. Ukiona ukungu mweupe uliotanda sawa, rudisha pia, huo utakupa picha zilizofubaa kila ukielekea mwangani.

Afu chezesha apacha haraka haraka, majani yake yakiwa yamelowa mafuta yanajivuta. Kwa Helios 44-2 mafuta kidogo sio kesi kwa sababu unaifunga mwenyewe kwa mkono, lakini kwa AI-S na AF-D kwenye bodi ya Nikon kamera ndo inafunga kwa kufumba na kufumbua, ikichelewa picha zote zinatoka na mwanga kupita kiasi.

Nyumbani kwangu lenzi zinakaa kwenye dumu la plastiki la kufungika vizuri na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, navikusanya kwa majirani wote, kila baada ya muda navikausha. Na lenzi inayotumika haipati fangasi kirahisi kama inayohifadhiwa, kwa hiyo hata kama huna kazi nayo itoe ipate mwanga na hewa.

Basi yule dogo

Wiki ile baada ya send-off alikuja kwangu na mpango wa kuuza ile 50mm f/1.8D arudishe hela. Nikamwambia subiri, nikamvalishia kwenye bodi yangu ya D7000, akabonyeza nusu, ikafanya ule mlio wake wa krrr kama cherehani ikashika. Akabonyeza tena. Akanipiga mimi, akampiga wifi yake jikoni, akapiga paka. Ikamchukua miezi mitatu, akauza D3200, akaongezea, akanunua D7000 ya mtumba, na kabla ya kulipa alimwambia muuzaji naomba utoe lenzi kwanza nichungulie hapo mdomoni.